Nukta Iliyoruka: Kuishika Shiti Nyembamba Chini ya Ruta

Maneno haya niliyasema mbele ya maseremala na watengeneza mabango waliokusanyika karakanani kwetu, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Assalaam alaykum, na Bwana Yesu asifiwe.

Kwanza niondoe utata. Ujumbe uliozunguka kwenye simu zenu ulisema "siku ya ruta", na kuna ndugu yangu mmoja amefika alfajiri na kompyuta mkononi akitaka nimtengenezee intaneti. Nimempa chai, na nashukuru ameamua kubaki. Ruta yetu ni mashine ya kukatia shiti, ile yenye biti, yaani chuma cha kukatia, inayozunguka mara 18,000 kwa dakika. Hiyo nyingine haikati vidole.

Hiki nilichokishika ni nukta. Ipitisheni mkono kwa mkono muitazame vizuri. Ni akriliki, ile plastiki ngumu, nyeusi, ya milimita 3, upana wake sentimita mbili na nusu. Upande mmoja umenyooka, upande wa pili umeliwa kama embe lililopitiwa na popo. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kazi ya kukata Bismillahi kwa ajili ya ukuta wa msikiti. Wanaosoma Kiarabu wanajua kwamba Bismillahi ir-Rahmani ir-Rahim ina nukta nne: moja chini ya be, moja ya nuni, na mbili chini ya ye. Ya be ikatoka salama, ya nuni ikatoka salama. Ye ya kwanza salama. Ya nne nikasikia "tak!", kitu kikapita karibu na sikio la kijana wangu, kikagonga bati la ukuta, biti ikavunjika hapo hapo. Sheikh aliyeleta kazi alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia kwa upole kabisa, "Fundi, hiyo ilikuwa ya kwenye Rahim."

Sasa, shiti ile nilikuwa nimeifunga kwa skrubu 14 pembezoni mwake. Kumi na nne! Ungeweza kuisimamisha meza wima na shiti isidondoke. Lakini nukta, ikishakatwa pande zote, haina uhusiano tena na zile skrubu. Imekuwa yatima. Nilishika kile ambacho nilikuwa naenda kukitupa, mabaki, na kile alichokilipia mteja nikakiacha huru mbele ya chuma kinachozunguka. Leo nitazungumzia hilo tu, kwa njia mbalimbali.

Wazee waliotufundisha hawakuwa na shida hii. Mzee aliyenifundisha nakshi alikaa chini, ubao mbele yake, akaushika kwa miguu. Kidole gumba cha mguu kilikuwa ndiyo jiliwa yake. Ubao ukitikisika kidogo, mguu unajua kabla ya macho, na mkono wenye patasi unapunguza nguvu. Mashine haina mguu wa kuhisi. Shiti ikiinuka, yenyewe inaendelea na safari iliyopangiwa, kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo kuhisi kote kule kwa mzee inabidi sisi tukufanye kabla ya kubonyeza kitufe.

Na shiti nyembamba ina tabia yake. Fundi aliyezoea mbao za inchi mbili anafikiri nyembamba ni ile ile, ila imepungua. Hapana. Ugumu wa ubao kupinda unakwenda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18 ni mara 6 ya ile ya milimita 3 kwa unene, lakini kwa ugumu wa kupinda ni sita mara sita mara sita: mara 216. Ndiyo maana ile nene ukiibana ncha mbili, katikati inatulia. Nyembamba ukiibana ncha mbili, katikati inapepea kama kanga kwenye kamba.

Kisha inakuja biti. Tazameni biti ya kawaida ya mzunguko, mikato yake imejiviringisha kama ya drili. Kazi yake ni kuyatoa maranda nje ya mfereji kwa kuyavuta juu. Haibagui. Inavuta maranda, inavuta na shiti. Shiti ikiinuka nusu milimita inapigwa, inashuka, inainuka tena; mnausikia ule mlio wa ngoma, wengi tunadhani biti imechakaa tunakwenda kununua nyingine. Biti ni nzima. Shiti ndiyo inacheza.

Watu wa mabango nisikilizeni hapa. Ile bodi ya ACP, wengi mnaiita alukobondi, plastiki iliyobanwa kati ya ngozi mbili za alumini, ya milimita 4: mnachimba mfereji wa umbo la V nyuma yake ili ikunjwe kuwa kona ya boksi. Chini ya mfereji inatakiwa ibaki ngozi ya mbele na kiasi kidogo cha plastiki, jumla kama milimita 0.8 hivi. Hesabu yenu yote ya faida iko kwenye hiyo 0.8. Bodi ikiinuka nusu milimita tu mahali pamoja, pale biti inazama zaidi, ngozi inabaki kama ya kitunguu, na siku ya kukunja inapasuka mbele ya mteja. Hapo hakuna kipande kilichoruka wala kelele. Mashine imefanya kazi vizuri kabisa juu ya shiti iliyokaa vibaya.

Basi tuanzie chini. Meza ya mashine inawekewa ubao unaokubali kukatwa. Sisi hapa tunauita ubao wa kafara, maana unaumia badala ya meza. Kabla ya kuzungumza habari za kubana, ubao huo usawazishwe na mashine yenyewe, kwa biti pana, mpaka kila sehemu iwe imeguswa. Ukikata plaiwudi ya milimita 3 juu ya ubao wenye bonde la nusu milimita, sehemu moja unakata hewa, nyingine unachimba kaburi. Hapa pwani unyevu unauvimbisha ubao, kwa hiyo mimi huusawazisha mara nyingi kuliko anavyopenda yule anayenunua MDF, ambaye kwa bahati mbaya ni mimi pia.

Skrubu sizikatai. Kwa shiti kubwa zinafaa, ila zina hila mbili. Ukiifunga skrubu moja kwa moja, uzi wake unanyanyua nyama ya ubao wa chini kama kichuguu, na shiti nyembamba inakaa juu ya kichuguu hicho badala ya kukaa mezani. Toboa kwanza, kisha panua mdomo wa tundu kwenye ubao wa chini. Hila ya pili ni ya jua letu. Akriliki hutanuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Shiti ya mita 1.2 iliyofungwa asubuhi, ikipata joto la nyuzi 20 zaidi ifikapo saa saba mchana, inataka nafasi ya milimita 1.7 ambayo skrubu hazitaipa. Itakwenda wapi? Juu. Na katikati itavimba kuliko unavyodhani. Kwa hiyo shiti ikitoka kwenye gari, ilazeni ndani ipoe kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo ni langu mwenyewe na nalipenda. Vijiti vya mishikaki. Vile vya mianzi, unene wake kama milimita 3. Mashine inatoboa matundu ya milimita 3 kupita shiti hadi ubao wa chini, unagonga kijiti kwa nyundo ndogo, unakata kichwa. Biti ikipita juu ya mwanzi, inaukata kama inavyokata ubao. Ikipita juu ya skrubu ya chuma, umepoteza biti, na vipande vyake vinaruka hujui wapi. Kwa hiyo vijiti naviweka hata ndani ya kazi, katikati ya herufi ikiwa tundu litazibwa na kupakwa rangi. Mama muuza mishikaki wa jirani alifikiri nafungua genge.

Lakini nukta huwezi kuipigia kijiti. Nukta inataka kushikwa kwa tumbo lake lote. Hapo tuna mambo mawili: gundi au hewa.

Tuanze na gundi. Wengi mnatumia dabotepu, tepu yenye gundi pande zote mbili. Ni nzuri, ila ya bei nafuu ikipata joto la biti gundi yake inalainika, inapanda kwenye mikato, maranda yanaganda, joto linaongezeka, na mnajua wenyewe mwisho wake. Mimi nimehamia kwenye tepu ya karatasi ya wapaka rangi pamoja na supagluu. Unabandika tepu chini ya shiti, unabandika nyingine juu ya ubao wa kafara, unazisugua kwa kadi ngumu zishike, kisha unatia michirizi ya supagluu juu ya tepu moja na kukandamiza. Supagluu inaunganisha mgongo wa tepu na mgongo wa tepu; haigusi kazi yako. Ukimaliza unapitisha kisu cha puti, vinatengana, unabandua tepu, nyuma pako safi. Hapo nukta imeshikwa yote, hata ikishakatwa pande zote bado iko kwenye tepu yake. Biti ishuke mpaka ndani ya tepu tu. Usichimbe milimita nzima chini kwa kujifurahisha, utaikata tepu yenyewe iwe vipande vidogo visivyo na nguvu.

Masharti mawili. Ubao wa kafara wa MDF mbichi una vumbi, tepu inashika vumbi badala ya ubao. Upakeni sila, ile rangi ya kuziba vinyweleo vya ubao, au vanishi, mpanguse. Na mabaki ya gundi kwenye akriliki msiyatoe kwa asitoni, inaiyeyusha akriliki. Mafuta ya taa, kitambaa laini, halafu maji ya sabuni.

Zamani, kabla ya tepu, mafundi wa kuchonga walitumia gundi na gazeti. Unapaka gundi ya mbao kwenye ubao wa chini, unaweka karatasi ya gazeti, unapaka tena, unaweka kazi. Ikikauka inashika kwelikweli, na ukimaliza unaingiza patasi, gazeti linapasuka katikati ya unene wake mwenyewe, kazi inatoka nzima. Kwa mbao nyembamba na veneri, zile ngozi za mbao, bado sijaona kinachoishinda kwa bei. Kikwazo chake ni kusubiri ikauke, na siku hizi nani anasubiri.

Sasa hewa. Wazee hapa wanajua chuku. Mganga anaweka pembe juu ya ngozi, ananyonya hewa, pembe inanata mgongoni bila kushikwa na mtu. Meza ya vakyumu ni chuku kubwa, na katika hili sipigi chuku, nitawapa hesabu. Hewa inayotuzunguka hapa Dar, usawa wa bahari, inakandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa takriban kilo moja. Hatuihisi kwa sababu inakandamiza pande zote. Ukiiondoa chini ya shiti, ya juu inabaki peke yake na inaisukuma shiti mezani. Pampu haivuti kitu. Inaondoa tu mpinzani.

Wenzetu wa Nairobi wako mita 1,700 na ushee juu ya bahari, hewa yao ina nguvu kama asilimia 80 tu ya yetu. Pampu ile ile, meza ile ile, kule inashika kidogo zaidi ya robo tatu ya hapa. Kijana wangu mmoja alihamia huko akanipigia simu akisema pampu imechoka. Haijachoka. Imepanda mlima.

Sisi wengi hatuna pampu ya maana, tunatumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Tuseme hiyo inatupatia moja ya tano ya nguvu ya hewa, yaani gramu 200 kwa kila sentimita ya mraba. Chukua shiti nzima ya futi nane kwa nne. Ni sentimita 122 kwa 244, karibu sentimita za mraba 30,000. Kama hewa haivuji, hizo ni tani 6, mifuko 120 ya saruji imelala juu ya shiti yako. Unaona, unajisikia mfalme. Sasa chukua nukta yangu. Sentimita mbili na nusu kwa mbili na nusu, sita na robo za mraba. Mara gramu 200, ni kilo moja na robo. Na hiyo ni ya kwenda chini. Biti haisukumi chini, inasukuma pembeni. Msuguano wa akriliki juu ya ubao ukiwa theluthi moja, kinachoizuia nukta isiende pembeni ni gramu 400 na kidogo. Nusu kilo ya sukari haifiki, mbele ya mota ya kilowati mbili! Na meza ni ile ile iliyokuwa na tani 6 dakika mbili zilizopita.

Ndiyo maana mtu anayesema "mimi nina vakyumu, sina shida" bado hajakata nukta. Vakyumu inapenda kilicho kikubwa. Tena kila mkato unaokamilika ni ufa wa kuvujishia hewa, kwa hiyo kadiri kazi inavyokaribia mwisho ndivyo nguvu inavyopungua. Vipande vidogo vikatwe kwanza, shiti ikiwa bado nzima na chuku ikiwa bado imeshika. Mistari ya nje, ile mirefu, iwe ya mwisho. Programu nyingi zikiachwa zijipangie zinatafuta njia fupi tu. Zipangieni wenyewe.

Kama unatengeneza meza yako, MDF ina ngozi ngumu pande zote mbili. Kwangua ngozi hizo kwa mashine, hewa itapita ndani ya ubao wenyewe. Kingo zipake rangi, la sivyo utavuta hewa ya karakana nzima. Sehemu ya meza isiyo na kazi ifunike na shiti ya mabaki au nailoni nene. Na mota nyingi za kufyonzea vumbi zinapozwa na hewa hiyo hiyo zinayovuta. Ukiziba kabisa inaungua. Tafuta ile yenye njia yake ya kupoza, au acha tundu dogo la kupumulia. Nimeunguza mbili kabla ya kulielewa hili.

Umeme ukikatika je? Mota ya biti inaendelea kuzunguka kwa muda kwa kasi iliyokuwa nayo. Vakyumu inakufa mara moja. Kwa sekunde kadhaa una chuma kinachozunguka ndani ya shiti ambayo haijashikwa na kitu. Kwa hiyo hata mwenye vakyumu aweke skrubu chache pembeni. Na umeme ukikatika, mtu asikimbilie kwenye meza.

Gundi haitoshi, hewa haitoshi, basi usiikate nukta yote. Kwa MDF na plaiwudi mimi huacha ngozi ya chini, milimita 0.3, kazi nzima inamalizika huku kila kipande kimeshikwa na wenzake, halafu natoa kwa kisu na msasa. Au naacha madaraja, vipande vya upana wa milimita 3 au 4 vinavyounganisha herufi na shiti. Kwa akriliki madaraja siyapendi, yakivunjwa yanaacha kovu.

Na punguzeni ugomvi wenyewe. Biti ya milimita 3 inasukuma kazi kidogo kuliko ya milimita 6. Kwa mbao nyembamba tumieni biti inayosukuma chini, ile iliyojiviringisha kinyume. Inaikandamiza shiti mezani yenyewe. Ubaya wake ni kwamba maranda yanabaki mferejini na joto linapanda, kwa hiyo akriliki itayeyuka na kujifunga tena nyuma ya biti. Mshika mbili moja humponyoka. Akriliki nakata kwa biti ya mkato mmoja inayovuta juu, mizunguko 18,000, mwendo milimita 1,500 kwa dakika, na kwa sababu inavuta juu ndiyo maana naitilia tepu tumbo zima. Ile biti ya mchanganyiko, chini inavuta juu na juu inasukuma chini, wauzaji wataisifu sana. Ni nzuri kwa milimita 18. Kwa milimita 3 sehemu yake ya chini peke yake ni ndefu kuliko shiti, kwa hiyo umenunua biti ya kuvuta juu kwa bei ghali. Biti iingie kwa mteremko pia, isishuke wima kama nyundo.

Kuhusu kushika kwa mkono nitasema mara moja. Nimemwona mtu mzima, fundi mzuri, anakandamiza kona ya plaiwudi kwa vidole huku mashine inakuja. Alikuwa anaokoa shiti moja ya plaiwudi. Asifanye mtu yeyote hapa.

Mniulize Bismillahi iliishia wapi. Sheikh alinipa siku mbili. Nikatafuta shiti nyingine nyeusi mji mzima, nikabandika tepu, nikakata nukta zote nne mwanzo kabisa, kisha herufi, kisha mstari wa nje. Nukta iliyoruka nilikuja kuiona baada ya miezi, nyuma ya kompresa, na ndiyo hiyo inayozunguka mikononi mwenu. Naomba irudi.

Sasa sogeeni. Mezani nimeweka shiti mbili za akriliki, mabaki ya kazi ya jana. Ya kushoto nimeifunga kwa skrubu 14, kama nilivyofanya siku ile. Ya kulia ina tepu. Zote zitakatwa nukta hiyo hiyo, kwa biti hiyo hiyo. Vaeni miwani, wote, na wewe ndugu yangu wa intaneti. Simameni upande huu wa kioo. Zuberi, washa kifyonza vumbi.